Sungura Mnene Asiyetaka Kutembea: Tafuta Kinachomzuia

Sungura akinenepa, ushauri unaotolewa haraka ni kumfungulia atoke akimbie. Anafunguliwa, anatoka hatua mbili, anajilaza. Mwenyewe anaanza kumswaga chumba kizima, na sungura anachojifunza siku hiyo ni kwamba nje ya banda kuna adui. Huyu ni mnyama wa kuwindwa. Ukimkimbiza atakimbia kwa hofu, atajificha, na kesho yake hatatoka kabisa.

Sungura hakatai kutembea bure. Kuna kinachouma, kinachoteleza au kinachotisha, au basi hana cha kufuata huko anakotakiwa aende. Kazi ya mwenye sungura ni kukitafuta hicho. Anza na ukaguzi, kisha nenda kwenye dalili inayofanana na unayoiona nyumbani kwako.

Ukaguzi wa mwanzo: ni unene kweli?

Usihukumu kwa mizani peke yake. Sungura mzima wa aina ndogo iitwayo Netherland Dwarf ana uzito wa karibu kilo 1, wa aina kubwa iitwayo Flemish Giant anaweza kupita kilo 6 akiwa na umbo zuri kabisa, na machotara wako popote katikati. Tumia vidole. Mkalishe sungura sakafuni, weka viganja pande mbili za kifua na upapase bila kukandamiza. Mwenye umbo zuri, mbavu zake unazihesabu kirahisi chini ya ngozi. Pingili za uti wa mgongo na mifupa ya nyonga unaigusa, lakini haichomi kidole. Ukilazimika kukandamiza ndipo uzipate mbavu, amezidi. Usipozipata kabisa, na mafuta yamejaa mabegani na kwenye makalio, huyo ni mnene wa kupindukia.

Jike mzima huwa na mkunjo wa ngozi chini ya kidevu. Hayo ni maumbile yake. Unakuwa tatizo pale unapokua hadi kumzuia kujilamba au kufika kwenye chakula.

Tumbo lililojaa ghafla, ndani ya saa chache au siku moja, si mafuta. Likiwa gumu na sungura hali, ni dharura ya saa hiyohiyo. Jike aliyekaa na dume huenda ana mimba, ambayo huchukua takriban siku 31. Na jike ambaye hajatolewa kizazi, hasa akishapita miaka 3, anaweza kuwa na uvimbe wa mfuko wa uzazi, maana saratani hiyo huwapata majike wengi. Usimpe mazoezi mnyama ambaye hujui tumbo lake limebeba nini.

Kisha kagua nyayo, kucha, makalio na pumzi. Kwa kukagua nyayo, kaa chini sakafuni, mpakate, na mkono mmoja ushike makalio muda wote. Mifupa ya sungura ni myepesi kuliko inavyodhaniwa na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu nyingi. Akirusha mateke huku kiuno kinaning'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Kwa pumzi, hesabu ubavu unavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Sungura aliyetulia huvuta pumzi mara 30 hadi 60 kwa dakika. Yeye hupumua kwa pua. Ukimwona ameachama mdomo ili apate hewa, acha kila kitu umpeleke kwa daktari wa wanyama.

Kwa kweli kila sungura mnene anastahili kuonwa na daktari kabla ya ratiba mpya kuanza, asikilizwe moyo, apapaswe viungo, na aangaliwe magego. Jino linalouma humfanya aache nyasi na kushikilia vyakula laini vinavyonenepesha, na hapo hata mazoezi mazuri hayatibu chanzo.

Dalili: mlango uko wazi, lakini hatoki bandani

Mtazame kwa mbali anavyofanya. Anatoa kichwa, anavuta shingo na kifua mbele mpaka mwili unakuwa mrefu, huku miguu ya nyuma imebaki palepale ilipokuwa, halafu anarudi ndani kwa kasi. Mkao huo ni wa mnyama anayetaka kwenda lakini hajaamini njia.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni saa. Sungura huchangamka alfajiri na jioni, mchana anapumzika. Ukimfungulia saa saba mchana ukamwona amelala, hana kasoro yoyote. Hamishia muda wake kwenye saa zake, na banda libaki wazi muda wote huo ili aingie na kutoka apendavyo. Usimtoe kwa kumbeba.

Sababu ya pili ni uwanda mtupu. Nafasi pana isiyo na mahali pa kujificha ni tishio kwake. Chukua boksi la karatasi ngumu, toboa milango miwili pande zinazoelekeana, uliweke kama mita moja kutoka mlango wa banda. Milango iwe miwili kwa sababu sungura haingii kwa raha mahali ambapo anaweza kuzibiwa njia ya kutokea. Kila tundu liwe na upana wa sentimita 20 hadi 25. Mirija na nyumba za vichezeo zilizotengenezwa kwa sungura wadogo humkwamisha mnene, na akikwama mara moja hataingia tena. Akishazoea la kwanza, weka la pili mita moja na nusu mbele yake, na la tatu upande wa pili wa chumba. Umbali anaoutembea utaongezeka bila kusukumwa na mtu.

Sababu ya tatu ni kizingiti. Mdomo wa banda ulioinuka sentimita 10 tu unaweza kuwa ukuta kwa sungura mzito mwenye viungo vinavyouma. Weka ubao wa mteremko wenye upana wa sentimita 30, uliogongewa zulia jembamba, usioyumba. Ubao ukitikisika siku ya kwanza atauhofia wiki nzima, kwa hiyo ukanyage kwa mkono wako kwanza.

Mwisho, fikiria harufu na kelele. Mbwa au paka aliyepita hapo asubuhi ameacha harufu ambayo wewe huisikii.

Dalili: anatoka vizuri, baada ya dakika chache anajilaza

Hapa tofautisha anavyolala. Aliyejinyoosha ubavu, macho yamelegea na masikio yameachiwa, amepumzika, mwache, atainuka. Aliyejikunja mgongo ukapanda juu, macho yamebanwa nusu, anasaga meno kwa sauti inayosikika, ana maumivu.

Sungura wenye umri mkubwa hupata ugonjwa wa viungo, na unene huuchochea. Dalili zake hujificha kwa muda mrefu: anaacha kuruka juu ya kitu alichokuwa akikiruka, anakojoa nje ya chombo chake kwa sababu ukingo wake ni mrefu, manyoya ya kiunoni yanachakaa kwa kuwa hawezi kujipinda kujilamba. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya maumivu kama meloxicam kwa kipimo cha sungura. Usimpe dawa ya binadamu kwa kukisia. Mara nyingi, maumivu yakishadhibitiwa, sungura huanza kutembea kabla hata uzito haujapungua, na hiyo inaeleza kwa nini vichezeo vilivyonunuliwa kabla ya hapo havikusaidia kitu.

Kama daktari hakuona tatizo, huenda ni misuli tu. Mnyama aliyefungiwa miezi mingi hana nguvu za kukimbia dakika 40 mfululizo. Anza na vipindi vya dakika 10, mara 4 au 5 kwa siku, na uongeze kila wiki mpaka apate saa kadhaa za kuwa huru kila siku. Shirika la Rabbit Welfare Association & Fund la Uingereza linapendekeza eneo la mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 1, ambalo sungura wawili wanaweza kulitumia muda wote. Sisi tunaona hilo ndilo suluhisho lenye nguvu kuliko ratiba yoyote, kwa sababu sungura mwenye nafasi hiyo hufanya mazoezi saa zake mwenyewe, wewe ukiwa umelala.

Usisahau joto. Hewa ikikaribia nyuzi 28 za Selsiasi, sungura mnene huanza kuhangaika kuliko mwembamba, maana hatoki jasho kama sisi na mafuta yanazuia joto kutoka. Masikio ya moto, mate kidevuni na kuhema ni dalili za joto kumzidi: msogeze mahali pa baridi, lowanisha masikio kwa maji ya kawaida yasiyo ya barafu, mpeleke kwa daktari.

Dalili: anatembea juu ya zulia tu, kwenye vigae anaganda

Nyayo za sungura hazina nyama laini ya chini kama za paka au mbwa. Zina manyoya peke yake, na manyoya juu ya vigae au mbao zilizopigwa vanishi yanateleza. Sungura mzito akiteleza miguu ya nyuma ikatanuka mara moja au mbili, anajifunza kutovuka hapo tena.

Si lazima ufunike chumba chote. Tandika njia: mazulia membamba yenye mpira chini, yaliyounganishwa kutoka bandani hadi kwenye chakula, hadi maboksini, na kurudi. Pembe zilizolegea ataziguguna, kwa hiyo zibanwe chini ya kitu kizito. Epuka mikeka ya sponji, kwa sababu vipande akivimeza vinaweza kuziba utumbo.

Angalia kucha pia. Kucha ndefu huinua vidole na kuubadilisha mkao wa mguu mzima, uzito ukarudi kisiginoni. Hapo ndipo vidonda vya nyayo huanzia: kwanza manyoya yanaisha, kisha ngozi inakuwa nyekundu na kung'aa, halafu inapasuka. Sungura wa aina ya Rex, wenye manyoya mafupi nyayoni, hupata mapema zaidi. Ngozi nyekundu isiyopasuka inahitaji matandiko makavu na laini, na banda lisilo na sakafu ya waya. Iliyopasuka inahitaji daktari, na mazoezi yasubiri.

Dalili: hana ugonjwa, haogopi, ila hana hamu ya kwenda popote

Hii ndiyo hali inayoonekana zaidi, na chanzo chake kinaonekana kwa macho: bakuli la chakula, maji, nyasi na mahali pa kulala vyote viko ndani ya hatua mbili. Porini sungura hutembea kwa sababu chakula kimetawanyika. Mtawanyie.

Chukua peleti zake za siku nzima, yaani zile punje za chakula cha kutengenezwa, uzipime kwa mizani ya jikoni, na utupe bakuli kabatini. Gawanya peleti mafungu 4 au 5. Fungu la alfajiri litawanye juu ya zulia, katika eneo la mita 2, punje moja moja. Mara ya kwanza atakula zile zilizo puani pake kisha asimame akungoje. Usimwongezee. Gonga sakafu karibu na punje inayofuata na uondoke. Baada ya siku kadhaa atakuwa anazinusa mwenyewe, na fungu alilokuwa akilimaliza kwa dakika moja litamchukua robo saa ya kutembea. Fungu la jioni lifiche: chini ya vikombe vya karatasi, ndani ya bomba la karatasi la tishu lililojazwa nyasi, au kwenye mpira wenye matundu unaodondosha punje ukisukumwa. Mpira anza nao tundu likiwa wazi kabisa. Ukianza na tundu dogo atausukuma mara mbili, akose, na asiuguse tena.

Nyasi kavu, yaani hei, ziwekwe sehemu tatu zinazotengana. Usizipunguze hata kidogo: kwa siku apate fungu lenye ukubwa wa mwili wake au zaidi, maana nyasi ndizo zinazosukuma utumbo na kusaga meno. Sehemu moja iwe imeinuka kidogo ili ajinyooshe kuifikia. Majani mabichi yafunge kwa kamba ya katani, yaning'inie usawa wa pua yake akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma. Kusimama na kushuka mara nyingi ni zoezi halisi la mapaja na mgongo. Mwenye ugonjwa wa viungo umwekee usawa wa kichwa tu. Maji yawe upande wa mbali.

Kisha mpe pa kuchimba. Boksi la sentimita 60 kwa 40, kina cha sentimita 30, ukingo mmoja umekatwa chini ili aingie bila kuruka, likiwa na udongo usio na dawa wala mbolea, au vipande vya karatasi na nyasi kama hutaki uchafu. Fukia humo majani machache. Kuchimba hutumia mabega na kifua, sehemu ambazo kukimbia peke yake hakuzichoshi.

Vichezeo vikimchosha baada ya siku mbili, usinunue vingine. Ondoa viwili, acha vitatu, vibadilishane kila baada ya siku tatu au nne. Sungura hukagua eneo lake kila siku, na kitu kilichosogezwa nusu mita kinatosha kumfanya azunguke kote akinusa na kusugua kidevu. Sogeza kimoja kwa siku. Ukipangua chumba chote kwa pamoja atarudi bandani kwa wasiwasi, na chombo chake cha haja kisiguswe kabisa.

Vizuizi vya kuruka vije mwisho, mbavu zikishaanza kupapasika, na vianze na kimo cha sentimita 5 juu ya zulia. Mkanda wa kifuani na kamba hatuupendekezi kwa sungura mnene. Akishtuka akajirusha huku amefungwa, mgongo ndio unaoumia.

Dalili: anakimbia kila siku, uzito haushuki

Mazoezi peke yake hayamalizi unene wa sungura. Yanajenga misuli, yanafungua utumbo, yanasaidia kibofu kisijae mashapo. Mafuta hupungua chakula kikirekebishwa. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya peleti, kwa mizani ileile inayosoma gramu 10 au chini ya hapo. Lengo ni kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Mwenye kilo 3 apungue gramu 30 hadi 60.

Ukiona hashuki, mara nyingi peleti zinapimwa kwa macho. Kikombe kimoja cha leo si sawa na cha jana. Kiwango cha juu kwa sungura mzima ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito *anaotakiwa* kuwa nao: mwenye kilo 3.6 ambaye anapaswa kuwa na 3 apate gramu 75, si 90, na daktari anaweza kushusha zaidi ya hapo. Shusha polepole kwa wiki 2 hadi 4. Chakula cha mchanganyiko wa nafaka, mbegu na vipande vya rangi kiondoke kabisa, kwa sababu huchagua vitamu na kuacha vyenye nyuzinyuzi. Karoti, ndizi na tufaha vina sukari nyingi. Ukitaka kumtuza, chukua punje kutoka kwenye fungu lake la siku. Nyasi za alfalfa ni za watoto na majike wanaonyonyesha. Na uliza watu wa nyumbani, maana vipande vitatu vya ndizi kutoka mikono mitatu sungura havikatai.

Sungura aliye chini ya miezi 6 bado anakua, asipunguziwe chakula bila daktari.

Dalili: hali chakula vizuri, vinyesi vimekuwa vidogo au vichache

Simamisha kila kitu. Sungura hafungishwi njaa kamwe, na mnene kuliko wote. Akikaa bila kula, mafuta ya mwilini humiminika kwenye ini likashindwa kazi, huku utumbo nao ukisimama. Akifikisha saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi, ni dharura, hata kama ni usiku. Ukiona amepungua zaidi ya asilimia 2 kwa wiki, rudisha kiasi cha peleti cha wiki iliyopita na mpigie daktari.

Dalili: makalio machafu yenye kinyesi laini

Sungura hula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka makalioni. Kina vitamini na protini anazozihitaji. Mnene hafiki, kinaganda kwenye manyoya. Msafishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, umkaushe kabisa, na umkague mara mbili kwa siku. Nzi hutaga hapo, na funza huanguliwa ndani ya saa chache na kula ngozi hai. Ukimwona funza hata mmoja, nenda kwa daktari saa hiyo.

Dalili: wako wawili, mmoja mnene na mwingine wa kawaida

Usiwatenganishe. Mwenza ndiye kichocheo kikubwa cha kutembea. Mnene huenda anakula peleti za wote wawili, kwa hiyo watenge dakika 15 wakati wa peleti tu, uzio wa waya kati yao waonane, kisha uuondoe. Zilizotawanywa ziwe mbali, kila mmoja na kona yake.

Kama yuko peke yake na unafikiria kumletea mwenza, wote wawe wamehasiwa kwanza. Dume aliyehasiwa anaweza bado kuzalisha hadi wiki 6 baadaye, na wakutanishwe mahali ambapo hakuna aliyewahi kupamiliki. Kumbuka kwamba kuhasiwa kwenyewe hupunguza mahitaji ya chakula: sungura aliyehasiwa akiendelea kupewa peleti zilezile za zamani hunenepa ndani ya miezi michache, kwa hiyo zipime upya mara tu kidonda kikishapona na anakula kama kawaida.